Vitenzi vya mwendo vya Kiingereza: mwongozo kamili kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Chukua sentensi hii: “Mzee aliingia dukani akichechemea.” Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu aiweke kwa Kiingereza na mara nyingi utapata hivi: “The old man entered the shop while limping.” Sarufi haina kosa na mwalimu atatia vema. Ila Mwingereza mwenyewe angesema “The old man limped into the shop,” basi. Kule kuchechemea kumepandishwa cheo kukawa kitenzi kikuu, na kuingia kumeshushwa hadi kijineno kimoja tu, “into”.

Matatizo mengi ya vitenzi vya mwendo yanaanzia hapo. Kitenzi cha Kiswahili hupenda kutaja mtu anaelekea wapi: ingia, toka, panda, shuka, vuka, pita, rudi. Namna anavyokwenda tunaiongeza pembeni: mbio, akiyumba, kwa kunyata, taratibu. Kiingereza hufanya kinyume. Namna hukaa ndani ya kitenzi, mwelekeo ukaachiwa vijineno kama “in”, “out”, “up” na “across”. Mwanaisimu Mmarekani Leonard Talmy aliufafanua mgawanyiko huu mwaka 1985, akionyesha kuwa hata lugha za Ulaya hazikubaliani: Kihispania kinafanana na sisi, Kijerumani kiko pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo usijione mzito wa kuelewa. Unahama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine.

Hatua ya 1: Badilishana nafasi

Kabla hujatafsiri sentensi yoyote ya mwendo, jiulize maswali mawili: anakwendaje, na anaelekea wapi? Jibu la kwanza lipe kitenzi. La pili lipe kijineno.

“Alivuka mto akiogelea.” Anakwendaje? Anaogelea: “swam”. Wapi? Ng’ambo: “across”. Pata “She swam across the river.” “Alitoka baa akipepesuka” itakuwa “He staggered out of the bar.” “Mpira ulibingirika ukaingia chini ya meza” itakuwa “The ball rolled under the table”, pale tulipotumia vitenzi viwili tukaviunga kwa “-ka-”, wao wametumia kimoja.

Tena wanaweza kulundika. “Alitoka nyumbani mbio, akavuka barabara, akaingia msikitini” ina vitenzi vitatu. Kiingereza kitasema “He ran out of the house, across the road and into the mosque.” Kitenzi kimoja kimebeba safari yote, vijineno ndivyo vinavyopiga kona. Ukiona aya yako ya Kiingereza imejaa “he exited, he crossed, he entered”, jua Kiswahili kinachungulia dirishani.

Na ukitafsiri kwa kurudi, kuwa mwangalifu zaidi. “He ran out of the house” si “alikimbia nje ya nyumba”. Hiyo ya pili humaanisha mtu alikuwa nje tayari, anafanya mazoezi yake ya mbio. Sema “alitoka nyumbani mbio”, au tumia kauli ya kutendea, “alikimbilia nje”. Ile “-i-” au “-e-” ya kutendea inatusaidia sana hapa: kimbilia, rukia, tambalia, sogelea. Mbwa akimrukia mtu, Kiingereza kitasema “jumped on him”. Kazi ya irabu yetu moja wameipa “on”.

Hatua ya 2: Jua vijineno kuliko vitenzi

Watu hukariri orodha za vitenzi wakaviacha vijineno, na hapo ndipo wanapoumbuka. “She ran in the house” ni kukimbia ukiwa ndani, kama watoto wanaogombezwa wasivunje vyombo. “She ran into the house” ni kutoka nje kuingia ndani. Kitenzi ni kilekile. Halafu “I ran into Juma” si kumgonga Juma, ni kukutana naye bila kutarajia, ingawa “I ran into a tree” ni kuugonga mti kwelikweli.

“Across” na “through” zote tunaweza kuzisema kwa “kukatiza”, ila “across” ni kwa eneo lililo wazi na “through” ni kwa kitu kinachokuzunguka pande zote. Uwanja wa mpira unaukatiza “across”. Msitu, handaki au umati wa watu wa Kariakoo unaupita “through”. “Over” ni kupita juu ya kizuizi: mwizi “climbed over the wall”. “Along” ni kuambaa na kitu kirefu, kama ufuko au reli. “Past” ni kupita mbele ya kitu bila kusimama.

“To” na “towards” zinachanganywa kila siku. “He walked to the police station” maana yake alifika. “He walked towards the police station” alielekea huko, na huenda njiani aligeuza. Kwenye maelezo ya polisi au ushahidi mahakamani tofauti hiyo si ya mapambo. Vivyo hivyo “she ran to me” ni alinikimbilia, pengine kwa furaha. “She ran at me” ni alinijia mbio kwa shari. Jiwe linalorushwa “to me” nalidaka, linalorushwa “at me” naliepa.

Hatua ya 3: Amua umesimama wapi

“Come” na “go”, “bring” na “take” hutegemea nani yuko wapi. Kwa bahati nzuri Kiswahili kinakaribiana nazo. Ukimwambia rafiki kwa simu “nitakuja kwako kesho”, na Kiingereza kitasema “I’ll come to your place tomorrow”, kwa kuwa unajiweka upande wa msikilizaji. Ukiuliza “Are you going to the wedding?” hujasema kama wewe utakuwapo. Ukiuliza “Are you coming to the wedding?” umeshadokeza kuwa wewe umo.

Mtego uko kwenye “nakuja” yetu ya kuondokea. Mtu anainuka mezani, anachukua simu, anaelekea mlangoni huku anasema “nakuja sasa hivi”. Kila mmoja wetu anaelewa: anatoka na atarudi. Akisema “I’m coming” mbele ya Mwingereza, mwenzake atabaki anamtazama mgongo bila kuelewa, maana anamwona anakwenda. Hapo sema “I’ll be right back.” “I’m coming” itumie unapoitwa na unaitika.

“Leta” ni “bring” na “peleka” ni “take”. Hilo ni jepesi. Kinachosumbua ni kuwa “take” hubeba pia “chukua”, kwa hiyo “take the child” peke yake haijakamilika. Ongeza mahali: “take the child to school”. “Fetch” ni kwenda, kuchukua na kurudi nacho, yote kwa neno moja, kama unapomtuma mtoto “kaniletee maji”. Kwa mtu anayesubiri mahali, tumia “pick up”. Ukimfikisha ukamwacha ni “drop off”.

Kuna pia “gone” na “been”. “Baba amekwenda Dodoma”, hayupo nyumbani: “Father has gone to Dodoma.” “Baba amewahi kwenda Dodoma”, alikwenda akarudi: “Father has been to Dodoma.” Katibu muhtasi akimjibu mteja kwenye simu “She has been to Arusha”, mteja atangoja aunganishwe na bosi, kumbe bosi bado yuko Njiro, hukohuko Arusha.

Hatua ya 4: Kufika na kuondoka

“Nimefika.” Tukiwa sisi kwa sisi, Nairobi au Dar, “I have reached” inaeleweka vizuri, wala mimi siiiti dhambi. Lakini kwa Mwingereza au Mmarekani sentensi hiyo imekatika, kwa kuwa “reach” hudai kutajiwa mahali: “We reached Moshi at noon.” Na haitaki “to” wala “at”. “Arrive” inaweza kusimama peke yake, “I’ve arrived”, ila ukitaja mahali unaongeza “in” kwa mji au nchi na “at” kwa kituo, hoteli au uwanja wa ndege. “Get to” ndiyo ya mazungumzo ya kila siku: “What time did you get to work?” Neno “home” halitaki kihusishi: “get home”, “arrive home”, “go home”. Ule ujumbe wetu wa “ukifika unijulishe” uandike hivi: “Let me know when you get home.”

Kuondoka nako kuna utata wake. “She left Mombasa” ametoka Mombasa. “She left for Mombasa” ameelekea Mombasa. Kijineno kimoja kimegeuza gari. “Left from” iache kwa ratiba za vyombo vya usafiri: “The train leaves from platform 2.” Kurudi ni “go back” ukiwa mbali na mahali hapo, “come back” ukiwa hapohapo. “Return back” imejirudia. “Return” imeshabeba “back” ndani yake.

Maneno kama “enter”, “depart”, “descend” na “return” yaliingia Kiingereza kutoka Kifaransa, baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066 na Kifaransa kuwa lugha ya wakubwa. “Go”, “come”, “run” na “climb” ni ya wenyeji wa zamani. Miaka karibu 1,000 imepita na harufu ya utawala haijatoka: “depart” utaikuta kwenye ubao wa uwanja wa ndege na “enter” kwenye fomu, ila mtu haambii familia yake “I departed home at six”. Mgeni akibisha hodi usimwambie “Enter!” kama hakimu. Mwambie “Come in.” Kuna mmoja katika kundi hilo la Kifaransa aliyezoeleka hadi akawa wa nyumbani, naye ni “arrive”, ambaye asili yake ya Kilatini ilihusu chombo kufika ufukoni. Watu wa pwani wana haki ya kumpenda.

Hatua ya 5: Kupanda na kushuka vyombo

Kiswahili kina “panda” moja kwa mlima, mti, basi, baiskeli, ngazi na hata bei. Kiingereza kinagawa. Mlima, mti na ukuta ni “climb”. Ngazi ni “go up” au “climb”. Basi, treni, ndege, meli, baiskeli na pikipiki ni “get on”. Gari dogo na teksi ni “get in”. Kanuni ya haraka: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, au unachokikalia kwa juu, ni “on”, kile unachojikunja na kuingia ni “in”. Kushuka hufuata mkondo huo: “get off the bus”, “get out of the car”. Konda na abiria wengi wa matatu hutumia “alight”. Ni neno sahihi, ila huko nje limebaki kwenye matangazo ya kituoni.

“Kuendesha” nako kumegawanyika: “drive” ni gari na lori, “ride” ni baiskeli, pikipiki na farasi, “fly” ni ndege, “sail” ni jahazi, “row” ni mtumbwi wa makasia. Abiria wa bodaboda naye “rides”, ingawa haendeshi. Kwa miguu ni “on foot”.

Anayefanya kazi ya utalii aongeze haya. “Hike” ni matembezi marefu milimani au porini, mara nyingi ya siku moja. “Trek”, neno lililotoka kwa Waafrikana wa Afrika Kusini, ni safari ngumu ya miguu ya siku kadhaa. Kilimanjaro, mita 5,895, kwa njia za kawaida hakuhitaji kamba, kwa hiyo kwa usahihi ni “trek”. Wageni wenyewe lakini husema “climb Kilimanjaro” kwa kuwa wanafika kileleni, nawe wafuate. Kuzunguka hifadhini kwa gari ni “game drive”. Na “safari”, ambayo Waingereza waliichukua kwetu karne ya 19, kwao ni kwenda kutazama wanyama. Ukimwandikia mwajiri wa kigeni “I am on safari” kumbe umekwenda msibani Singida, atakutakia bahati ya kuona simba. Sema “I’m travelling”. “Trip” ni kwenda na kurudi, “journey” ni mwendo wenyewe wa kutoka hapa hadi kule, hasa ukiwa mrefu, “voyage” ni ya baharini au angani. “Travel” kama nomino haihesabiki: usiandike “a travel”.

Hatua ya 6: Yachuje maneno yetu yenye kazi nyingi

Haya yanahitaji utulivu, kwa kuwa kamusi itakupa neno la kwanza nawe utaondoka nalo.

*Tembea.* “Nimekuja kutembea tu” kwa shangazi si “I have come to walk”. Ni “I’ve just come to visit.” Walk ni miguu. “Go for a walk” ni kwenda kunyoosha miguu bila shughuli.

*Fuata.* Mtu anafika kaunta na kusema “nimefuata kitambulisho changu”. Ukiandika “I have followed my ID”, umekifanya kitambulisho kitoroke. “I’ve come to collect my ID.” Follow ni kumwandama aliye mbele yako. Ukiwa hotelini unamwongoza mgeni, “Follow me” si kosa, ila “This way, please” ina adabu zaidi.

*Pitia.* “Nitakupitia saa mbili asubuhi” ni “I’ll pick you up at eight in the morning.” Angalia saa pia! “Nitapitia kwako” bila kumchukua mtu ni “I’ll drop by” au “I’ll stop by”.

*Sindikiza.* Tunapenda “escort”: “escort me to the gate”. Huko nje “escort” inanukia polisi na msafara wa rais, na ikiwa nomino ina maana nyingine usiyoitaka. Kwa mwendo wa miguu sema “walk me to the gate”. Kwa msafiri sema “see her off”.

*Kimbia.* Kukimbia mbio ni “run”. Kukimbia vita ni “flee”, na ndiko tulikopata mkimbizi. Kutoroka nyumbani ni “run away”. “Escape” ni ya aliyefanikiwa: anayesakwa bado “is fleeing”, aliyeponyoka kabisa “has escaped”. *Kimbiza* nayo ina sura mbili: mbwa akimkimbiza kuku ni “chase”, mgonjwa akikimbizwa hospitali ni “rushed to hospital”.

*Hama.* “We shifted to a new house” imeenea Afrika Mashariki nzima. Kwingine husema “We moved”. Kwa Mwingereza “shift” ni kusogea kidogo tu, kama kwenye kiti.

Hatua ya 7: Chagua namna ya kutembea

Sasa vitenzi vya namna, ambavyo Kiingereza kinavyo vingi mno. Usijaribu kuvimaliza. Dazeni moja inatosha kuanzia, mradi kila kimoja ukijue na hali yake.

Mtazame baba kijana nje ya wodi ya wazazi usiku. Anakwenda hatua kumi, anageuka, anarudi, anatazama mlango, anaanza tena. Hiyo ni “pace”: kwenda huku na huku kwa wasiwasi. Askari wa gwaride “march”, na mteja aliyekasirika anayeingia ofisi ya meneja bila kubisha pia “marches in”. Mwenye kujiamini na hatua ndefu “strides”. Mwenye maringo, kama jogoo mbele ya majike, “struts”. Aliyechoka, akijikokota kwenye tope la masika, “trudges”. Jioni Forodhani watu “stroll”: polepole, kwa raha, wakipunga upepo. Anayezunguka bila kujua aendako “wanders”. Tembo wa Tsavo “roam”, kwa kuwa eneo ni kubwa. Anayezubaa mlangoni mwa duka la watu bila shughuli “loiters”, na neno hilo lina shuku ndani yake, kama “kuzurura” ya askari wa jiji.

Kunyata kuna matawi. “Tiptoe” ni kwa ncha za vidole, kama kutomwamsha mtoto. “Creep” ni polepole na kimya. “Sneak” ina ujanja: hataki kukamatwa.

Kujikwaa nako usikuchanganye. “Trip” ni mguu kugonga kitu, “slip” ni utelezi, “stumble” ni kupotewa na hatua ukaribie kuanguka, “stagger” ni kuyumba mwili mzima kwa ulevi, uchovu au jeraha. Ukiandika ripoti ya ajali kazini, sakafu yenye maji ni “slipped”. Ukiandika “tripped”, mtu wa bima atauliza ulijikwaa kwenye nini.

Kamusi za wanafunzi za Oxford, Cambridge na Longman ziko mtandaoni bure. Usisome maana peke yake. Soma mifano, unakili kitenzi pamoja na kijineno chake. Ila usiyamwage yote kwenye insha moja. Hadithi ambayo kila mtu “strides” na “struts” inachosha, na “walk” au “go” za kawaida ndizo zinazoshika sehemu kubwa ya Kiingereza kizuri.

Hatua ya 8: Jipime

Funika majibu, andika yako, kisha linganisha.

“Paka alishuka kutoka juu ya paa kwa kunyata.” — “The cat crept down from the roof.”

“Kengele ilipolia, watoto walitoka darasani mbio.” — “When the bell rang, the children rushed out of the classroom.” “Ran” pia ni sawa.

“Nyoka alipita katikati ya miguu yetu akaingia kichakani.” — “The snake slithered between our feet and into the bush.” Vitenzi vyetu viwili, chao kimoja.

“Nimemfuata mgeni stendi; keshokutwa nitamsindikiza uwanja wa ndege.” — “I’ve come to the bus station to pick up my guest; the day after tomorrow I’ll see her off at the airport.” Kama umeandika “followed” au “escort”, rudi hatua ya 6.